Mwanzo wa Tepu

Siku Kaka alipoondoka, gari lake halikuwa na gurudumu hata moja. Lilikuwa uani juu ya vigoda vyake vya chuma, tumbo hewani, kama fahali aliyenyanyuliwa akasahauliwa. Rimu mpya zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimefunikwa shuka. Kaka aliingia ndani kunawa mikono, akamwambia mkewe anajilaza kidogo mgongo unyooke, na chai ilipokuwa tayari hakuitika.

Waliokuja kutupa pole walikaa wakilizunguka gari, maana ua wetu ni mdogo na gari ni kubwa. Mtu mmoja aliweka kikombe juu ya boneti. Nikakiondoa, nikafuta lile duara la maji kwa mkono wa gauni langu. Nadhani alishangaa. Siku ile sikuwa na kingine cha kumfanyia ndugu yangu.

Tulikaa nyumba moja, yeye, mkewe na mimi. Nyumba waliijenga wazazi wetu. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, ndicho karakana yangu ya kushona. Ua wa nyuma ulikuwa wa Kaka. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Geti alilolifunga Kaka ulilisukuma kwa kidole kimoja likaenda lenyewe, likajifunga bila kishindo, kama mtu aliyefunzwa adabu. Wifi yangu ni dereva wa gari la kusambaza mikate, na ndiye aliyekuwa mcheshi wa nyumba. Majirani walituita mimi na Kaka Sindano na Spana. Wifi alipoulizwa yeye ni nani katika hao, alisema yeye ndiye mfuko wa kubebea vifaa.

Gari Kaka alilipata likiwa mifupa mitupu chini ya turubai, nyuma ya kiwanda cha mbao alikokwenda kufunga geti. Milango miwili, boneti ndefu kama meza ya mkutano, taa nne za duara, na sehemu ya nyuma pana, iliyoinama kidogo kama mnyama anayejiandaa kuruka. Ni gari la enzi ambazo watu waliamini mafuta hayataisha duniani. Wenye kiwanda walimwambia achukue, walikwishachoka kuliona. Akalivuta kwa kamba mpaka nyumbani. Wifi alisimama mlangoni, akalitazama kuanzia taa hadi mkia, akauliza mgeni huyu atakula nini. Tangu siku hiyo akaliita mke mwenza. Mke mwenza anaogeshwa leo, alikuwa akiniambia, mimi hata povu sijabakiziwa. Kaka mwenyewe aliliita Fahali.

Injini yake ina silinda nane. Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza nilikuwa nashona kola. Vifungo vikaanza kucheza ndani ya kopo lao, kisha kioo cha dirisha kikaitikia, kisha kitu fulani ndani ya kifua changu. Ilikuwa kana kwamba nyumba imepata mapigo ya moyo. Nilitoka na kola mkononi, sindano bado inaning'inia. Kaka alikuwa mbele ya boneti iliyo wazi, mikono kichwani. Wifi alikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani wowote mdomoni.

Aibu ilikuwa miguuni. Magurudumu liliyokuja nayo yalikuwa ya chuma chembamba kilicholiwa na kutu. Wifi alisema fahali amevaa ndara, na Kaka hakucheka, kwa kuwa ndivyo lilivyoonekana.

Nilidhani kuchagua rimu ni kama kuchagua vifungo: unapanga mezani, unaangalia ipi inapendeza, basi. Jioni moja Kaka alikuja karakana kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanieleza kwa lugha ya kazi yangu. Matundu ya bolti lazima yalingane na bolti zenyewe, kama kifungo na tundu lake. Tundu la katikati huvaa kwenye habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu, kama kola kwenye shingo. Likiwa pana gurudumu litacheza, likiwa dogo haliingii. Lakini hayo, alisema, ni ya mtoto. Kazi iko kwenye upana, na kwenye kiasi rimu inachoingia ndani na inachotokeza nje. Pale gurudumu linapoingia chini ya bodi ni kwapa. Upande wa ndani kuna springi, upande wa nje kuna mdomo wa madigadi, bati linalofunika gurudumu, na gurudumu ndilo mkono. Likizidi kuingia litakwaruza springi. Likizidi kutoka, kila shimo la barabarani bati litalikata tairi.

Nikamwambia ndivyo ilivyo hata kwa koti. Bega likikosewa, hakuna pasi ya kuliponya.

"Na koti likiwa sawa mnasemaje?" akaniuliza.

"Tunasema limemkaa."

Akawa kama mtu anayeonja kitu. "Basi na rimu ni hivyo hivyo. Haivaliwi. Inakaa." Kisha akainuka, akajicheka. "Miaka yote hii tunafanya kazi moja, mdogo wangu, na hatujaambiana."

Ni neno dogo, nalo tunalitumia kutwa nzima. Tunakaa kitini, tunakaa mjini, nguo inakaa mwilini, mgeni hakai. Sikuwahi kulitazama mpaka siku ile.

Inabidi niseme jinsi Kaka alivyoazima vitu, maana hakuazima, alichukua. Chaki zangu ziliishia kwenye mabati yake. Pini zangu zilizibua kabureta. Ugomvi mmoja tu mkubwa tuliwahi kuwa nao tangu utotoni, nao ulikuwa wa mkasi, alioutumia kukatia raba ya injini kisha akaurudisha mahali pake kimya kimya, ukiwa hauwezi kukata hata uzi. Kwa hiyo nilipochungulia dirisha la nyuma siku moja nikamwona amelala chali chini ya kwapa la gari, tepu ya njano ya kushonea ikiwa shingoni mwake, sikuwa na la kushangaa. Tepu yake ya chuma ilikuwa na kichwa kinene, haikuingia pale nyuma ya habu. Hiyo ya njano nilikuwa nimeistaafisha zamani, ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikamwacha. Alikuwa amependeza, kusema kweli, kama fundi cherehani aliyepewa mteja mkubwa kuliko wote.

Muuza matairi na rimu katika mtaa wetu anaitwa Raba. Wanasema ni kwa sababu hata umwangushe vipi, anadunda. Rimu za mbele Raba alizitafuta kwa kufuata vipimo vya zile za zamani, na matundu ya bolti alilinganisha mwenyewe. Za nyuma ndizo Kaka alizozitaka pana zaidi, kwa kuwa fahali nguvu zake ziko mapajani. Hizo alizipima yeye, ndani na nje, akamtajia Raba namba kwa kichwa kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Tukangoja.

Zilipofika tulizipanga uani. Rangi ya kijivu kilichoiva, mikono mitano kila moja, ukingo unaorudisha mwanga. Wifi alijitazama kwenye ukingo ule, akarekebisha nywele, akasema mke mwenza amenunuliwa viatu vya harusi. Za mbele zikakaa. Kaka akaenda nyuma, akaingiza gurudumu la kwanza, akakaza nati kidogo, akalizungusha kwa mkono.

Likakwaruza. Mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Ndani tairi liligusa springi, na nje lilikuwa linalamba mdomo wa bati. Kaka akalitoa. Akatambaa chini na tepu, akapima, akarudia kupima. Akakaa chini, miguu imenyooka mbele yake.

"Tepu inasema linaingia," akasema. "Chuma kinasema haliingii."

Wifi akamwambia pengine Raba ameleta sizo. Raba akaitwa, akapima rimu yenyewe mbele yetu. Ilikuwa ile ile iliyoagizwa. Kaka akaitazama mikono yake, mmoja halafu mwingine.

"Basi ni huu," akasema. "Umeanza kunidanganya."

Mwaka ule kikombe kilikuwa kimeanza kutetemeka kidogo anapokiinua. Wote tuliona, hakuna aliyesema. Baada ya siku ya rimu, nilisikia kwa wenzake kazini kwamba akishapima geti anamwita mwingine alipime tena. Kaka, ambaye wajenzi walikuwa wakimwita aje atazame ukuta kwa jicho tu, awaambie kama umepinda. Nyumbani hakulalamika. Alianza tu kushika vitu kwa mikono miwili.

Siku ile ya mwisho aliyatoa magurudumu yote, hata ya mbele yasiyokuwa na kosa. Alimwambia mkewe anaanza upya.

Watu walipoondoka na viti vya kuazima vikarudi kwa wenyewe, gari likabaki. Wifi alikuwa akipita kwenda bombani uso ameugeuzia ukutani. Haikupita muda akaja karakana, akakaa kwenye kigoda cha wateja, pale pale alipokaa mumewe. Alisema amezungumza na watu wa vyuma chakavu. Watakuja mwisho wa mwezi, walikate, walibebe vipande vipande.

"Siwezi kuamka kila siku nimkute huyu amesimama na mwenyewe hayupo, wifi. Siwezi."

Nikamwomba asubiri. Nilisema tu kwamba Kaka alikuwa amebakiza jambo moja, na kwamba jambo moja si mengi.

"Likitoka kwa miguu yake, nitaliachia nafasi," akasema. "Likishindwa, walichukue."

Nilikwenda dukani kwa Raba. Alinipa kiti, akanipa pole tena. Akanieleza kwa upole kwamba rimu nyembamba zaidi za namna ile ile zipo, anaweza kubadilisha, lakini anahitaji vipimo vya kuaminika, si kama vile vya kwanza. "Tukubali tu, dada. Marehemu macho yalikwishachoka, na mkono pia. Inatupata wote."

Nilirudi nyumbani. Nikachukua tepu yangu ya kazini, nikatandika gunia pale alipokuwa akitandika, nikaingia chini ya gari.

Sikuwahi kuingia huko. Nilikuwa nimeishi na gari lile miaka mingi, nikilijua kwa sauti yake na kwa utani wa Wifi, na sikujua lilivyo chini. Pale ambapo hakuna jicho la mtu litakalofika, Kaka alikuwa ameunganisha chuma kwa chuma, na kila mstari wa kuchomelea ulikuwa umelala sawa, punje kwa punje, kama mshono wa mkono kwenye pindo la gauni la bibi harusi. Niliupitishia kidole. Haukuruka hata mahali pamoja. Nilibaki nimelala pale, tepu kifuani, nikitazama juu kama mtu aliyeingia jengo kubwa la ibada. Nilidhani katika nyumba ile mshonaji ni mimi.

Kisha nikapima. Kutoka uso wa habu mpaka springi, inchi tano. Kutoka uso wa habu mpaka mdomo wa bati, inchi nne. Upande wa pili, vivyo hivyo. Nikampelekea Raba. Akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Marehemu alisema ndani sita, nje tano."

"Nina hakika na zangu."

"Naye alikuwa na hakika na zake," akasema Raba, si kwa ubaya.

Nilikuwa nimeshika mlango kutoka ndipo nikasimama. Nimepima watu maisha yangu yote. Najua mkono unaotetemeka unavyokosea. Unazidisha nusu hapa, unapunguza robo pale, hautulii. Kaka alikuwa amekosea inchi moja ndani na inchi moja nje, na alipopima tena mbele ya macho yetu alikosea inchi ile ile. Kosa lililonyooka namna hiyo haliwezi kuwa la mkono.

Ovaroli yake ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa stoo, magoti yametokeza kama kuna mtu ndani. Nikaingiza mkono mfukoni. Chaki yangu. Pini zangu mbili. Na tepu ya njano, imeviringishwa vizuri, kwa namna ambayo mimi huviringisha.

Ile tepu ilistaafu kwa sababu moja. Kichwa chake cha bati kilikuwa kimetoka na ncha ikaanza kuchanika nyuzi, na miaka hiyo tepu mpya ilikuwa haipatikani, kwa hiyo ilikatwa ikanyooshwa pale penye namba moja. Inaanza na moja. Mshonaji aliyeizoea husoma, kisha anaondoa moja kichwani bila hata kujua kwamba ameondoa. Lakini mtu aliyelala chali gizani chini ya gari, amebana ncha kwa kidole gumba kwenye chuma, akilisoma jibu upande wa pili? Nani hutazama tepu inapoanzia? Mtu hutazama inapoishia.

Nilikaa chini sakafuni pale stoo. Sita, ondoa moja. Tano, ondoa moja. Nikaifungua tepu nikaitazama tena ile moja, nyeusi, ukingoni kabisa. Kwa mkono ule uliokuwa ukimwaga chai, gizani, akiwa amejikunja, Kaka alipata kila kipimo bila kupungua wala kuzidi hata unywele.

Nikampelekea Wifi. Alikuwa anachambua mchele. Nikaweka tepu juu ya sinia, nikamwonyesha, nikamweleza. Akaibana ile ncha kwa kidole gumba, kama alivyoibana mumewe, akaivuta polepole mpaka ikajaa mikono yake.

"Kwa hiyo hakukosea," akasema.

"Hakukosea."

"Mkono wake ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, wifi."

Aliinamisha kichwa juu ya mchele. Mabega yakaanza kutikisika, nami sikujua mpaka alipoinua uso kwamba alikuwa akilia na kucheka vyote pamoja. "Na angeomba tu," akasema. "Angeomba, ungempa ile nzima."

"Angeomba, asingekuwa yeye."

Raba alizileta rimu mwenyewe. Nilikuwa nimemweleza habari za tepu. Alipoingia uani alivua kofia mbele ya gari, akaishika kifuani kidogo, akaivaa tena. Nilitaka nikaze nati mimi. Alinionyesha namna: hukazi moja kisha jirani yake, unavuka upande wa pili, unarudi, unavuka tena, kama nyota, ili rimu ijivute katikati bila kuinama upande. Nikamwambia ndivyo tunavyopiga pini kwenye kiuno cha sketi. Akacheka, akaniachia spana.

Gurudumu la nyuma lilipokazwa nikalizungusha. Lilizunguka. Tulisikiliza wote watatu, na hatukusikia kitu. Mikono mitano ikawa ukungu mmoja wa kijivu, na kati ya tairi na mdomo wa bati palikuwa na nafasi sawa kuzunguka pote, sawa kama pindo. Likaendelea kuzunguka kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Sijui ni nini kilichotufanya tusitake kulisimamisha.

Raba akashusha jeki. Fahali akateremka kutoka kwenye vigoda, akagusa ardhi, matairi yakapanuka kidogo kupokea uzito, na gari zima likatoa kitu kama pumzi. Nyuma pana, kifua kirefu, miguu chini yake pale inapotakiwa. Nimewavalisha watu wengi nguo za siku zao kubwa, na najua ile dakika mtu anapogeuka kwenye kioo akajiona na chumba kizima kikanyamaza. Ilikuwa dakika hiyo.

Wifi alikuwa mlangoni. Hakuja mara moja. Alilitazama kuanzia taa hadi mkia, kama siku ya kwanza, na nikangoja utani.

"Limekaa," akasema.

Akaingia ndani akatoka na funguo. Akafungua mlango wa dereva, akasogeza kiti mbele, maana miguu ya Kaka ilikuwa mirefu, na nikaona jinsi alivyosita kabla ya kukisogeza. Akawasha. Nilisikia vifungo vikianza kucheza kwenye kopo kule karakana. Raba akalisukuma geti kwa kidole kimoja, likafunguka lenyewe bila kishindo. Wifi akakata kona kuingia barabarani, usukani ukazungushwa hadi mwisho, na hapakuwa na mkwaruzo. Mwenye duka la ng'ambo alitoka akasimama na ndoo mkononi. Watu wakaacha njia. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu wakalitazama likipita, kama mtu anavyotazama mvua ikija kutoka mbali.

Watu wa vyuma chakavu walipokuja, Wifi aliwapa mabati ya zamani na zile ndara za kutu, wakaondoka.

Tepu ya njano iko kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Jumamosi, Wifi akimaliza mzunguko wa mikate, tunalitoa gari. Yeye anaendesha. Mimi nakaa pembeni.